Maswali ya Wasomaji: Ufunguo Uliohangaika

Wiki hii nina barua mbili mezani, moja ya mistari mitatu na nyingine ya kurasa nne. Naanza na ile fupi, maana jibu lake halihitaji hata kikombe cha chai.

SWALI: Katika ukurasa mmoja wa riwaya niliyoazimwa nimehesabu neno "kama" mara tisa. Macho kama ya paka, sauti kama radi, meno kama lulu, na kuendelea. Je, kuna kiwango? — Mhesabu Kama

JIBU: Kiwango hakuna, ila tisa kwa ukurasa ni ugonjwa. Kila "kama" humtoa msomaji chumbani alimokuwa na kumpeleka kwingine akaangalie paka, akasikilize radi, kisha arudi. Akizungushwa mara tisa, anaporudi ameshasahau nani alikuwa amekaa wapi. Zifute zote kwa penseli, usome tena. Ile utakayoililia ndiyo ya kubaki. Mara nyingi huwa moja. Mara nyingine hakuna hata moja, na hapo mwandishi hununa.

Sasa barua ndefu. Nimeipunguza kwa ruhusa ya mwenyewe.

SWALI: Mhariri wa safu, salamu. Mimi si mwandishi, au tuseme sijawa. Ni msomaji wa sauti. Baba yangu alikuwa fundi seremala tangu ujana wake mpaka macho yalipomwisha, na sasa kila jioni humsomea kurasa kumi, kumi na tano za riwaya. Sikujua kwamba kusoma kwa sauti kungenivurugia vitabu nilivyovipenda.

Ana kawaida moja. Akisikia sentensi isiyomkaa, huinua kidole nisimame, kisha huuliza: "Nani kaona hivyo?" Juzi nilisoma: "Usiku ulikuwa giza totoro, kimya jii, na moyo wake ulidunda kama ngoma." Kidole juu. "Kimya jii, halafu ngoma? Na hilo giza kaliona nani, yeye si kajifunika shuka mpaka kichwani?" Nilitaka kumwambia hiyo ni sanaa tu, baba, tuendelee. Nilipoirudia sentensi kimoyomoyo nikaona kweli haina mtu ndani yake.

Kurasa tatu mbele, mwanamke yule yule bado yuko kitandani, anamsubiri mumewe. Tukafika hapa: "Akasikia ufunguo ukihangaika kwenye kitasa." Baba akacheka. "Kalewa huyo," akasema. Nikapekua nyuma na mbele. Hakuna palipoandikwa kwamba mume amelewa, si ukurasa ule wala uliofuata.

Maswali yangu ni matatu. Kwanza, mwandishi mmoja, sura moja, imekuwaje sentensi moja ife na nyingine iishi? Pili, mimi hupenda maneno mazito: ghadhabu, hamaki, mauti. Baba husema hayo ni maneno ya kuvaa suti. Nani yuko sahihi? Tatu, nimeanza kuandika kwa siri habari za baba mwenyewe. Sentensi ya kwanza inasema: "Mikono yake ilikuwa migumu kama jiwe." Kuna kitu hakinikai. Sijamsomea, naogopa kidole. Naye hadanganyiki: nikiruka ukurasa hujua kwa mlio wa karatasi, na mpaka leo haketi mezani kabla hajapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa meza, mwanzo hadi mwisho. Meza yenyewe aliitengeneza kwa mkono wake. — Binti wa Seremala

JIBU: Binti wa Seremala, mpe mzee shikamoo yangu kabla ya yote. Umwambie swali lake la maneno matatu limenirudisha kwenye hadithi yangu moja niliyodhani nimeshaimaliza. Nimekuta mvua "ikinyesha kama iliyotumwa" kwenye kichwa cha mhusika aliyekuwa chini ya ardhi, mgodini. Nani kaona hivyo? Mimi, nikiwa nimeketi dirishani.

Tuanze na ufunguo, kwa sababu hapo ndipo jibu lote lilipo.

Ufunguo hauhangaiki. Anayehangaika ni mkono, na nyuma ya mkono yuko mtu. Darasani tunaita tashihisi, kukipa kitu tabia ya mtu, na mwanafunzi akishalitaja jina hilo anapewa alama zake na kwenda nyumbani. Swali la baba yako linakwenda mbali zaidi. Mwanamke yuko kitandani, mlango umefungwa, taa imezimwa. Yeye mkono hauoni. Mume hamwoni. Kilichomfikia ni mlio wa chuma kwenye chuma, unaotafuta tundu na kulikosa. Kwake yeye, kwa sekunde zile, ufunguo ndio mume. Mwandishi angeandika "alisikia mumewe akihangaika kufungua mlango", angekuwa ametoka kitandani, amevuka ukuta, amesimama nje na kumtazama mlevi. Habari ingekuwa ile ile, ila mwanamke angekuwa ameachwa peke yake gizani na mwandishi wake.

Halafu tazama kitenzi. Angeweza kuandika ufunguo "ukigongagonga", "ukikwaruza", "ukitafuta tundu". Yote ni milio ya kweli. "Kuhangaika" lina kitu cha ziada: ni neno la mtu aliyekosa utulivu, aliyepotelewa, anayekwenda huku na huku. Na anayehangaika zaidi usiku ule, nadhani, ni huyo aliyelala. Neno moja limebeba ulevi wa mmoja na wasiwasi wa mwingine. Na kwa vile limekuja na "-ki-", ukihangaika, jambo halijaisha. Tunasikiliza pamoja naye, na hatujui litakwisha saa ngapi. Badilisha useme "ufunguo ulihangaika", tayari tumeshafunguliwa mlango.

Baba yako alicheka kwa sababu aliachiwa nafasi ya kugundua. Angeambiwa kwamba mume amelewa, asingekuwa na la kucheka.

Sasa ile sentensi ya giza. Sitaki tuihukumu haraka, kwa sababu vipande vyake kimoja kimoja havina kosa. Kiswahili kina kabati zima la maneno ya aina hii, tanakali, ambayo kazi yake ni kulifikisha neno jingine mwisho wa uwezo wake: nyeupe pepepe, nyeusi tititi, nyekundu pyuu, kulowa chepechepe, kujaa pomoni, kulala fofofo, kutumbukia majini chubwi. Totoro haliendi na kitu kingine ila giza. Ni neno lenye ndoa moja. Kuna watu huyaona haya ni ya watoto, na wanayafuta katika miswada yao ili waonekane wamekomaa. Mimi naona ni hasara. Neno ambalo sikio linalishika kabla akili haijaliuliza maana ni mali kwa msimulizi yeyote.

Na fungu la maneno lililozoeleka nalo lina heshima yake. Katika tenzi za Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, alfajiri huja na "vidole vya waridi" tena na tena, na bahari ina rangi ya divai hata siku ambayo hakuna anayeitazama. Mmarekani Milman Parry, katika tasnifu zake za 1928, alionyesha kwamba mafungu hayo yalirithiwa kizazi hadi kizazi, na yalikuwa yamekatwa kwa kipimo cha mizani ya mstari. Mwimbaji aliyetunga huku anaimba, bila karatasi, aliyahitaji: yalijaza mstari wakati akili yake inatangulia kwenye mstari ujao. Hata "hapo zamani za kale" yetu haimwambii mtu tarehe. Inamwambia akae vizuri.

Kwa hiyo shida ya "giza totoro" si umri wake. Mwandishi wako hakuwa anaimba mbele ya watu, alikuwa na kalamu, na usiku mzima wa kufikiri. Alichukua vitu vitatu kabatini mfululizo bila kumwuliza mhusika wake hata kimoja. Ndiyo maana ngoma ikaja kupigwa katikati ya kimya na yeye hakushtuka. Mtu aliyesikia kile kimya angeshtuka. Baba yako alishtuka.

Totoro ingeweza kuishi. Jaribu hivi: mtoto ametumwa stoo usiku, taa imekatika. "Akanyoosha mkono mbele, hakuuona. Totoro." Nimeivunja ile ndoa, neno limesimama peke yake baada ya mkono kupotea, na msomaji ndiye anayelitamka giza. Sidai ni sentensi ya kukumbukwa. Nadai tu kwamba ina mkono wa mtu ndani yake.

Nikiwa hapo hapo kwa mzee, nina jambo la kazi yake. Sisi watu wa vitabu hupenda kusema "mswada umepigwa msasa". Magazeti nayo huandika kila siku kwamba maofisa fulani "wamepigwa msasa", yaani wamehudhuria semina. Msasa ni mti mdogo wenye majani ya kukwaruza, mafundi waliyatumia kulainisha mbao, na jina likahamia kwenye karatasi ya dukani. Hiyo ni sitiari iliyokufa kifo kizuri: tunaitumia bila kusikia mkwaruzo. Lakini fikiria unamsomea fundi habari kwamba maofisa arobaini wamepigwa msasa. Yeye anausikia. Anaona vumbi. Lugha yetu imejaa maiti za namna hii zinazotembea vizuri tu. Mtu hula kiapo, hula njama, hula hasara, na hakuna anayeuliza vilikuwa na ladha gani. Mwandishi si lazima azifufue. Lakini azijue zilipolala, asije akaandika, kama nilivyowahi kukuta, "alikula kiapo huku amejaza mate mdomoni". Niliposoma hapo nilicheka, na ilikuwa sura ya msiba.

Naamini pia mzee atakubaliana nami kwamba tunaupa msasa sifa isiyo yake. Msasa huja mwisho. Kabla yake kuna randa, na randa hulainisha kwa kuondoa. Waandishi wengi, mimi nikiwemo, hukimbilia msasa kwenye ubao ambao haujaonja randa.

Swali la pili, la suti. Hapa sitakuwa upande wa baba moja kwa moja, anisamehe. Hakuna maneno mazito na maneno mepesi; kuna maneno yaliyokaa kwenye mwili fulani. Hasira, ghadhabu, hamaki: kamusi huyaweka karibu karibu, lakini hamaki huwaka ghafla, ya mtu ambaye ameshainuka kitini kabla hajajua kwa nini. Ghadhabu ni kubwa na ina cheo. Unaweza kumpa mfalme, au Mungu, au mzee wa ukoo siku moja kwa mwaka. Ukimpa kijana aliyenyang'anywa rimoti, umefanya kichekesho, na kama ulikusudia kichekesho, hongera. Halafu kuna kununa, ambayo ni hasira isiyotaka kusema, na kufura na kuvimba, ambapo huna haja hata ya kutaja hasira kwa sababu mashavu yameshaitaja.

Mauti na kifo vivyo hivyo. Kifo kimezaliwa na kitenzi kufa, kiko nyumbani, mtoto hukijua. Mauti yametoka kwenye Kiarabu na yamepitia tenzi na mawaidha kabla ya kutufikia, ndiyo maana yana mwangwi. Mjane anayesimulia usiku ule atasema "alipokufa". Anayehutubia kaburini atasema mauti. Mwandishi akimpa mjane neno la mhutubu, mjane huondoka chumbani. Kwa hiyo, Binti wa Seremala, endelea kuyapenda maneno yako ya kamusi, lakini usiyavalie wewe. Mtafute mwenye mwili wake.

Na kabla hujakimbilia kamusi, kuna chombo kingine ambacho kila msemaji wa Kiswahili anacho na waandishi wachache hukitumia ipasavyo. Soma hizi mbili kwa sauti, mbele ya baba ukitaka: "Aliingia mzee mmoja, akakohoa, akaketi." Kisha: "Kiliingia kizee kimoja, kikakohoa, kikaketi." Hakuna kivumishi kilichoongezwa. Hakuna "kama". Lakini ile "ki" imekwenda ikigonga kila kitenzi hadi mwisho wa sentensi, na tumeshamjua anayesimulia kuliko anayesimuliwa: ana dharau, au ana woga anaouficha kwa dharau. Sasa mfanye msimulizi huyo huyo, kurasa thelathini baadaye, aseme "mzee akakohoa". Hujaeleza mabadiliko yoyote ya moyo, na msomaji ameyaona. Nimesoma waandishi wakipoteza aya nzima kueleza kwamba fulani ameanza kumheshimu fulani, wakati lugha iliwapa silabi moja ya kufanya kazi hiyo bure.

Mwanafalsafa Aristotle, katika maandishi yake kuhusu ushairi, alisema kwamba kuwa bingwa wa sitiari ni jambo kubwa kuliko mengine yote na kwamba mtu hawezi kujifunza kwa mwenzake, kwa sababu ni kipaji cha kuona kufanana kwa vitu. Nusu nakubali. Jicho la kuona kufanana labda huzaliwa nalo. Lakini jicho la kuona kwamba mfanano huu si wa mtu huyu, wa saa hii, wa chumba hiki, hilo hufundishika. Wewe unafundishwa kila jioni, kurasa kumi hadi kumi na tano, na mwalimu wako ana kidole.

Nimefika kwenye mikono.

"Mikono yake ilikuwa migumu kama jiwe." Kinachokukera, nafikiri, ni kwamba jiwe lenyewe halipo. Mwaka 1917 Mrusi Viktor Shklovsky aliandika kwamba sanaa ipo ili kuturudishia hisia ya kuishi, kulifanya jiwe liwe jiwe tena. Katika sentensi yako jiwe halina ubaridi, halina uzito, halina upande uliochomwa na jua. Limekuja kwa sababu "migumu" ikitajwa, jiwe huitika. Na ukiuliza swali la baba, nani kaona hivyo, jibu ni kwamba hakuna. Mtoto aliyeshikwa na mikono ile miaka yote hiyo hakumbuki jiwe. Anakumbuka kitu kingine. Harufu ya gundi, pengine. Au ngozi iliyokuwa ikinasa kwenye nyuzi za sweta lako la shule. Mimi sijui, mikono si ya baba yangu.

Ila ninachokijua nimekisoma kwako. Uliandika, bila kujua kwamba unaandika: haketi mezani kabla hajapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa meza, mwanzo hadi mwisho, na meza aliitengeneza mwenyewe. Hapo hakuna tashbihi. Hakuna ugumu wala ulaini. Lakini nimeuona mkono, nimemwona fundi akikagua kazi ya miaka mingi iliyopita kwa macho yaliyomhamia kidoleni, na nimekuona wewe umeshika kitabu unamngoja amalize kabla hujaanza kusoma. Hiyo sentensi iliponyoka kwa sababu ulikuwa unalalamika tu, hukuwa unaandika.

Basi ifute ile ya jiwe. Usiibadilishe iwe gogo, wala mzizi wa mbuyu, wala gamba la kobe. Nakujua, umeshaanza kuyafikiria. Anza na kidole gumba. Usieleze kwa nini anafanya hivyo. Kama ulivyoona kwenye ufunguo, yuko mtu mahali fulani atakayecheka peke yake kwa kugundua.

Na umsomee. Akiinua kidole, umepata somo. Asipoinua, utajua kwa kimya chake, maana mtu anayetambua ukurasa ulioruka kwa mlio wa karatasi hatashindwa kujitambua mwenyewe kwenye sentensi ya pili.

Ombi langu ni moja, na hili ni la faida yangu, nina mhusika seremala ambaye amenigomea tangu mwaka jana. Niulizie mzee: randa ikiwa inakwenda vizuri juu ya ubao, maranda yanajikunja, halafu ikagonga kifundo, huo mlio wanauitaje mafundi? Nimejaribu "kwaa", nimejaribu "krr", na kila nikiyasoma kwa sauti nakiona kidole cha baba yako kinapanda.